Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Hesabu za Molekuli Zinatuhusu Sisi wa Rhonda

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Kama u mwanafunzi mwenzangu, tulia kidogo uniazime masikio, maana leo nina jambo lililonikaa rohoni.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kemia alitueleza kuwa kuna watu ambao kazi yao ni kukokotoa molekuli. Hawashiki chupa wala kuwasha moto. Wanakaa mbele ya kompyuta na kuuliza: elektroni za molekuli hii zimekaaje, inashikana na ile kwa nguvu gani, na ikikutana na maji itafanya nini? Alisema kazi hiyo hufanywa na watu wa nchi nyingi kwa pamoja, na kwamba baadhi yao wako Eldoret hapo, si mbali. Kabla hajamaliza, rafiki yangu mmoja wa dawati la nyuma akapaza sauti: "Mwalimu, mahesabu hayo yatatusaidia nini sisi wa Rhonda? Hata maji yenyewe tunanunua kwa mkokoteni!"

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini nilicheka nikiwa nimefunika mdomo kwa kiganja.

Wengi wenu mnajua sababu. Meno yangu ni ya rangi ya chai ya rangi. Si yangu pekee. Tazama foto ya darasa letu uhesabu ni wangapi wamefunga midomo. Dada yangu mdogo ana miaka kumi na miwili, na hajawahi kucheka mbele ya kamera. Siku moja nilipokwenda kwa jamaa zetu wa mkoa mwingine, mama mmoja aliniuliza, kwa huruma kabisa, kama kwetu hatujui mswaki. Wallahi, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mswaki ninao, na ninautumia asubuhi na jioni.

Kumbe tatizo lilikuwa ndani ya kikombe. Nakuru imekaa juu ya miamba ya volkano. Menengai ile tunayoiona kila siku ni mlima uliowahi kutapika moto. Maji ya chini ya ardhi yanapopita kwenye miamba ya namna hiyo huyeyusha madini ya floraidi. Floraidi kidogo ni nzuri kwa meno, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi ni balaa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa. Kwa mtungi wetu wa lita 20 hiyo ni miligramu 30, kiasi ambacho hakifiki hata chumvi unayoishika kwa ncha za vidole viwili. Visima vingi vya Bonde la Ufa hupita kikomo hicho. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, yatatoka yakiwa tayari yana madoa, na hakuna mswaki utakaoyaondoa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huumia.

Tena tusidanganyane kwamba kuchemsha kunasaidia. Kuchemsha huua viini vya magonjwa, na ni lazima tuendelee kuchemsha. Lakini floraidi haigeuki mvuke. Maji yakipungua sufuriani, floraidi iliyobaki huwa kali zaidi.

Sasa rudi kwenye swali la rafiki yangu. Molekuli na Rhonda wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba swali la meno yetu, ukilichimba mpaka chini, ni swali la molekuli.

Sehemu ya nje ya jino imejengwa kwa madini yaitwayo haidroksiapataiti. Ndani yake mna kalsiamu, fosfeti na haidroksidi. Mifupa nayo imejengwa kwa madini ya jamii hiyohiyo. Floraidi inapofika hapo, inaweza kumfukuza haidroksidi kwenye kiti chake na kukalia yeye. Katika miaka ya 1990 mpango wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru ulianza kutengeneza machujio kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kupondwa. Baadaye walishirikiana na taasisi ya maji ya Uswizi, Eawag, kuyaboresha. Maji yanapopita kwenye mifupa hiyo, floraidi hung'ang'ania humo, na maji hutoka yakiwa salama zaidi. Kwa maneno mengine, mfupa wa ng'ombe unanaswa na floraidi ili jino la mtoto lisinaswe.

Lakini chujio hilo lina mwisho wake. Viti vikishajaa, floraidi inapita bila kizuizi, na mwenye chujio hana habari kwa sababu haina rangi wala ladha anayoweza kuitegemea. Kwa hivyo kuna maswali. Je, ni madini gani mengine yanayoweza kushika floraidi kwa nguvu zaidi? Kwa nini baadhi ya viti hujaa upesi na vingine havijai? Ukijaribu vitu vyote maabarani, kimoja baada ya kingine, utatumia miaka na pesa ambazo hatuna. Mtu akiweza kukokotoa kwanza, atajua vipi vya kuanza navyo. Mwanakemia Nora de Leeuw, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alichapisha mwaka 2004 utafiti wa kompyuta kuhusu jinsi floraidi inavyoingia kwenye madini hayo ya meno. Baadaye ameshirikiana pia na watafiti wa vyuo vikuu vya Afrika. Jino letu, basi, limekwisha kufika ndani ya kompyuta za watu. Sisi wenyewe ndio bado hatujafika.

Hebu tuulize: kwani kukokotoa molekuli kuna ugumu gani? Mlinganyo wenyewe unajulikana tangu mwaka 1926, ulipoandikwa na Erwin Schrödinger. Matata ni kuutatua. Elektroni zote zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, kila mmoja akisogea wengine wote wanasogea. Ni kama abiria wa matatu iliyojaa: mmoja akiinua kiwiko, kumi na wanne wanajipanga upya. Njia mojawapo inayosifika kwa usahihi ina tabia hii: ukiongeza ukubwa wa molekuli mara mbili tu, kazi ya kompyuta inaongezeka mara 128. Ukiongeza mara mbili tena, zidisha 128 kwa 128. Nimepiga hesabu hiyo kwa kalamu, ni 16,384! Hesabu iliyochukua saa moja itachukua karibu miaka miwili. Ndiyo maana mwaka 1964 na 1965 Walter Kohn na wenzake walitafuta njia nyingine. Walisema, badala ya kumfuata kila elektroni peke yake, tutazame wingu lote la elektroni, mahali lilipo zito na mahali lilipo jepesi. Kohn alizaliwa Vienna, akaikimbia nchi yake angali kijana kwa sababu ya mateso ya Wayahudi, na mwaka 1998 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na John Pople. Njia yake ni nyepesi, ila ina makadirio ndani yake. Na mahali palipo na makadirio, pana haja ya mtu wa pili kukukagua.

Hapo ndipo ninapofika kwenye hoja yangu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika hesabu za molekuli methali hii ni kweli tupu, na mfano ninaoupenda ni wa molekuli ndogo kuliko zote, haidrojeni, yenye atomu mbili na elektroni mbili tu.

Katika miaka ya 1960, wakati wa Vita Baridi, Wapolandi wawili, Włodzimierz Kołos na Lutosław Wolniewicz, walikokotoa nguvu zinazohitajika kuitenganisha molekuli hiyo. Nchi yao ilikuwa upande mmoja wa ugomvi wa dunia na Marekani upande wa pili, lakini walishirikiana na maabara ya Chuo Kikuu cha Chicago. Jibu lao la mwaka 1968 halikupatana na kipimo cha Gerhard Herzberg wa Kanada, mpimaji aliyeheshimika kuliko wengi. Tofauti ilikuwa kama sehemu moja kati ya 10,000. Wewe na mimi tungesema hiyo si kitu, tufunge daftari twende tukale githeri. Wao hawakusema hivyo. Herzberg alirudi kwenye mitambo yake akapima upya, na mwaka 1970 akatangaza kipimo kipya. Hesabu ya Wapolandi ilikuwa sahihi! Mwaka uliofuata Herzberg alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi zake nyingi kuhusu molekuli. Hakuna aliyemdharau kwa kujisahihisha. Jamani, tungekuwa na roho hiyo tunaporudishiwa karatasi za mtihani!

Jambo hilo halikukoma hapo. Mwaka 2009 wapimaji wa Zurich na Amsterdam walipima tena molekuli hiyohiyo kwa usahihi mkubwa zaidi, na wakokotoaji wa Poland wakafikia jibu lililopatana nao. Mwaka 2016 watafiti kutoka nchi nyingi, wakiongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichukua programu 15 za kompyuta zilizoandikwa na makundi mbalimbali, wakazipa zote kazi moja ya kukokotoa fuwele za elementi 71. Walitaka kujua kama programu hizo zinatoa jibu moja. Zile za kisasa zilikaribiana sana, lakini baadhi ya mbinu za zamani hazikupatana kwa usahihi huo. Bila kuwekwa pamoja, nani angejua?

Najua kuna atakayesema, "Hao wote ni Wazungu." Haya, nenda hatua nyingine. Mwaka 1964 Abdus Salam, mzaliwa wa Pakistan, alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia mjini Trieste, Italia. Salam alikuwa amerudi kwao Lahore kufundisha baada ya kusoma Uingereza, akajikuta yu mpweke, hana wa kujadiliana naye, mwishowe akalazimika kuondoka. Alitaka wanasayansi wa nchi maskini wapate mahali pa kukutana na wenzao kisha warudi makwao, wasilazimike kuchagua kati ya sayansi na nchi yao. Kutokana na ushirikiano uliokihusisha kituo hicho, ilizaliwa shule ya Afrika ya hesabu za elektroni, ijulikanayo kama ASESMA. Ilikutana Cape Town mwaka 2010, kisha mwaka 2012 ikaja Eldoret, halafu Johannesburg, Accra na Addis Ababa. Wakenya kama George Amolo na Nicholas Makau ni miongoni mwa waliojenga kundi la utafiti huo Eldoret. Programu moja wanayofundishwa wanafunzi, Quantum ESPRESSO, hutolewa bure kabisa. Kwa hesabu kubwa, watafiti wetu wametumia kompyuta kuu iliyoko Cape Town kupitia intaneti. Na tangu mwaka 2018 kuna taasisi ya fizikia mjini Kigali iliyo mshirika wa kituo kile cha Trieste.

Eldoret, msomaji wangu! Panda matatu pale stendi, pita Salgaa, pita Timboroa ukiwa umejifunika sweta, pita Burnt Forest, umefika. Ni kama kilomita 150. Tulidhani mambo haya yako ng'ambo ya bahari, kumbe yako ng'ambo ya Timboroa.

Hata hivyo sitaki kuwa kama muuza dawa wa sokoni anayesema dawa yake inatibu kila kitu. Rafiki yangu wa dawati la nyuma ana hoja, na ninaikubali sehemu. Hesabu ya molekuli haitachuja hata kikombe kimoja. Rhonda inahitaji mabomba, visima vilivyopimwa, na machujio ambayo mama mboga anaweza kuyanunua. Chujio la mifupa lenyewe lilifanya kazi bila mtu kungoja mlinganyo wa Schrödinger. Mtu akiniambia pesa za bomba zipelekwe kwenye kompyuta, nitampinga mimi mwenyewe.

Pia ushirikiano huu hauko sawa. Kompyuta kuu iko mbali, programu imeandikwa kwingine, na mara nyingi mwenye mashine ndiye mwenye kuchagua swali. Mgeni akija na swali lake, na sisi hatuna letu, tutamfanyia kazi yake na kumshukuru juu. Tena vijana wetu wengine wakienda kusoma hawarudi. Mambo haya ni ya kweli, na tusiyafunike kama ninavyofunika meno.

Lakini tazama jibu la hoja hizo liko wapi. Je, tukikaa nje ya ushirikiano ndipo utakuwa sawa? Asiyekuwepo na lake halipo. Kama hakuna mtu kutoka Nakuru anayeelewa hesabu hizi, nani atasema kwenye meza ile kwamba swali letu ni floraidi? Mtafiti wa Ulaya anaweza kulichagua swali hilo kwa sababu linavutia. Mtoto wa Rhonda atalichagua kwa sababu linamuuma kila anapotaka kucheka. Hao wawili wakikaa pamoja, mmoja akiwa na kompyuta na mwingine akiwa na swali na akili iliyonolewa, hapo ushirikiano una maana. Sisi tukienda mikono mitupu tutakuwa waombaji. Tukienda na vipimo vya visima vyetu vilivyoandikwa vizuri, mwaka baada ya mwaka, tumekwenda na kitu ambacho hakuna kompyuta ya Cape Town wala ya Zurich inayoweza kukibuni.

Kwa hivyo nina mapendekezo manne, na ninaomba walimu wetu wayasome kwa jicho la huruma.

Kwanza, chama cha sayansi kianze kuorodhesha visima na vituo vya maji tunakotoka sisi wanafunzi, na kuomba maabara inayoweza kupima floraidi itusaidie. Tuandike tarehe, mahali na kipimo. Tumwombe shule jirani apime maji yaleyale, ili tuone kama tunapatana. Tukitofautiana, tusigombane. Tufanye kama Herzberg, tupime tena.

Pili, tuuombe uongozi wa shule utupeleke Eldoret siku moja, hata kama ni darasa moja tu, tuwaone kwa macho watu wanaofanya kazi hii. Tumekwenda kuwaona heroe wa Ziwa Nakuru mara ngapi? Ndege wale wazuri, lakini hawatafanya mtihani kwa niaba yetu.

Tatu, sisi wa Chama cha Kiswahili tusijitenge tukisema hayo ni ya watu wa sayansi. Mimi nimeandika makala haya yote kwa Kiswahili, na molekuli haijalalamika. Matokeo ya vipimo yakibaki katika Kiingereza cha ripoti, mama anayechota maji Kaptembwa hatayajua. Kazi yetu ni kuyaleta kwa lugha anayoielewa, tuyabandike kwenye mlango wa duka na wa kioski cha maji. Huo nao ni ushirikiano.

Nne, na hili ni letu sote: tuache kuchekana. Mwenye madoa kwenye meno si mchafu. Alikunywa maji ya kwao akiwa mtoto, basi. Na anayependa hesabu ngumu naye asichekwe kuwa anajifanya Mzungu. Kohn alikuwa mkimbizi. Salam alitoka nchi maskini kama yetu. Wapolandi wale walikuwa upande usiopendwa wa ukuta. Hakuna aliyezaliwa akiwa na kibali cha kukokotoa molekuli.

Rafiki yangu, uliuliza hesabu hizi zitatusaidia nini sisi wa Rhonda. Kwa meno yangu mimi, hazitasaidia kitu, yamekwisha kuwa hivi. Lakini jirani yetu wa ploti amejifungua mtoto mwezi uliopita. Meno ya ukubwani ya mtoto huyo bado yanajengeka polepole ndani ya ufizi wake. Tuna miaka michache ya kujua anakunywa nini.

Nakomea hapo, wino usije ukaniishia. Na mwaka huu mpiga picha wa shule akija, mimi nitacheka mdomo wazi. Nanyi msinicheke peke yangu, chekeni nami.